Nilivyomsemea Baba kwa Daktari

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, daktari alimuuliza baba yangu maswali saba au manane, na yote niliyajibu mimi. Baba alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, kofia mapajani, mdomo anao na akili anazo. Mimi nilisimama nyuma yake, pochi begani, nikijibu upesi upesi. Nilitoka mle chumbani nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Leo nimezeeka, na bado nikisikia harufu ya ile dawa wanayopigia deki hospitalini, natoka nje kwanza.

Unanijua, mimi ni mtu wa kusema. Marehemu mama alikuwa akinitania kwamba nilizaliwa na chaki mkononi. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nafundisha shule ya msingi hapa Tabora mjini, na katika nyumba yetu ya kijijini Puge nilikuwa wa kwanza kusoma nikafika mbali. Kwa hiyo kila karatasi yenye mhuri ililetwa kwangu niisome, na kila aliyeumwa aliletwa kwangu nimpeleke. Nilizoea. Ilifika mahali nikaamini kwamba watu wa kwetu, bila mimi, hawawezi hata kumwambia mtu wanaumwa wapi.

Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyebaki na baba kijijini, aliazima ya mwenye duka akanipigia. Akasema mzee amekonda, usingizi hapati, na maji hataki kunywa. Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, nami nikadhani ni upweke. Jumamosi nikapanda basi. Nilimkuta baba amekaa upande upande kwenye kigoda, ameegemea ukuta, karanga za kumenya ziko mbele yake hazijaguswa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa ile sauti yake nzito ya kuanzishia nyimbo kanisani. Nikamuuliza kinachomuuma. Akafikiri kidogo, akasema ni mgongo.

Basi ukawa mgongo. Nani kwetu aliyelima mpunga na karanga miaka hamsini asiwe na mgongo? Nililipokea jibu lile kama lilivyokuja, sikuligeuza hata upande wa pili.

Kesho yake nikaja naye mjini. Kutoka Puge mpaka hapa si mbali, lakini baba alimwomba kondakta asimamishe basi mara tatu. Kila mara alisema anataka kushuka anyooshe mgongo. Anaingia nyuma ya vichaka, anakaa huko muda mrefu, anarudi uso umemjaa jasho. Abiria wakaanza kuguna. Mara ya nne alipotaka kusimama mimi mwenyewe nilimwambia, kwa sauti ya darasani, avumilie tu, tumeshakaribia. Alinitazama kidogo, akakaa. Njia yote iliyobaki alishika bomba la kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Nilipomfikisha nyumbani kwangu Ng'ambo nikamwekea maji, hakunywa. Nikampikia uji, akanywa vijiko viwili. Nilimgombeza, mwanangu. Nilimwambia amekuwa mkaidi kama mtoto. Sikujua kwamba maji yale hakuwa anayakataa, alikuwa anayaogopa.

Jumatatu tukaenda hospitali. Jina la hospitali naliacha, maana kosa halikuwa lao. Daktari alikuwa kijana mpole, alimwamkia baba kwa heshima zote, na maswali yake alimuuliza baba, hakuniuliza mimi. Unaumwa wapi, mzee? Nikajibu mimi, mgongo. Tangu lini? Nikajibu, tangu mavuno. Usingizi? Anapata kidogo. Chakula? Anakula kidogo. Mtu ambaye sikuwa nakaa naye nyumba moja miaka kumi na minne, nilikuwa najua mpaka idadi ya matonge yake. Ndipo daktari akauliza, huku bado anaandika, kama mzee anapata haja ndogo vizuri.

Ninyi wa siku hizi sijui mmelelewaje, lakini kwetu binti hasikii habari ya mkojo wa baba yake. Nguo za ndani za baba hafui yeye. Baba akitoka chooni, binti aliyeko njiani anageukia upande mwingine, anajifanya anaokota kitu. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha hayo, tulikua nayo tu. Sasa swali lile likawa limetua katikati yetu, mimi na baba, katika chumba kidogo. Yeye aliinamisha kichwa akaanza kuizungusha kofia mapajani. Mimi masikio yalipata moto. Nikajibu haraka haraka, "Anapata, daktari. Hana shida hiyo."

Nilijibu ili swali liondoke. Daktari akaandika.

Na kuna jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Niliogopa. Tangu nilipomwona amekaa upande upande kwenye kile kigoda, hofu iliniingia ikakaa, nikawa naifukuza kwa maneno. Nilikuwa nampa daktari majibu madogo madogo ili na yeye atupe ugonjwa mdogo. Akitupa mgongo, tutachua, tutapona, baba atarudi Puge kwenye karanga zake. Nilifanya biashara na daktari bila yeye kujua, na mali niliyoiweka mezani ilikuwa ya mtu mwingine.

Akatupa mgongo kweli. Vidonge vya maumivu, dawa ya kuchua, turudi baada ya wiki mbili. Tuliporudi nilijibu tena mimi, tukapewa wiki nyingine mbili.

Katika zile wiki hofu ilihamia kwangu na virago vyake vyote. Miguu ya baba ilianza kuvimba. Chakula akikiona anageuza uso. Kisha ikamshika kwikwi isiyoachia, asubuhi mpaka jioni, hata nikiwa shuleni naandika ubaoni naisikia masikioni. Nilipokuwa narudi kutoka kazini, nikifika kona ya nyumba nilianza kutembea polepole, kwa sababu sikutaka kufika. Nilisimama uani kwanza nikasikiliza. Nikiisikia ile kwikwi, namshukuru Mungu, maana mwenye kwikwi yu hai. Siku nisipoisikia upesi, nilimwita kwa sauti kabla sijafungua mlango. Niliwaza saratani ya mifupa, niliwaza kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, niliwaza hata kwamba mama anamwita. Niliwaza kila ugonjwa isipokuwa ule niliokwisha kuufukuza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mara ya tatu tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi la koridoni. Pale kulikuwa na mwuguzi mmoja wa kiume, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, kazi yake ni kupima presha na uzito kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Jina lake Mzee Kondo. Alikuwa Mzaramo wa pwani aliyeoa huku akasahau kurudi. Alipomfunga baba ule mkanda wa presha mkononi akamuuliza kabila lake. Baba akasema Mnyamwezi. Hapo nikaona macho ya yule mzee yanachangamka.

Wazaramo na sisi ni watani, hilo unalijua. Babu zetu walitoka hapa na pembe za ndovu mabegani, miezi na miezi kwa miguu, mpaka Bagamoyo, na nchi ya Wazaramo ndiko walikomalizia safari. Walikosana huko, wakapatana, wakauguzana, wakazikana. Kilichobaki ni kuchokozana. Babu yake baba yangu aliifanya safari ile mara mbili. Mtani anaweza kukwambia lolote mbele ya watu, na ukikasirika aibu inakuwa yako.

Mzee Kondo alikuwa ameshamwona baba akienda chooni mara nne tangu tufike. Akabonyeza kile kipira cha presha na kusema, kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia:

"Ninyi Wanyamwezi mnatia aibu. Babu yako alibeba jino la tembo mpaka Bagamoyo hakulidondosha, wewe mkojo tu unakushinda kuufikisha chooni?"

Watu wakacheka. Mimi nilisimama, nimekwisha kufungua mdomo kumkemea. Lakini baba naye alicheka. Kilikuwa kicheko chake chenyewe, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama, na kwikwi ikakikata katikati. Akapangusa macho kwa kofia. Kisha akamwambia mtani wake, kwa sauti ya chini:

"Ungekuwa unanishinda kuubeba ningeshukuru, Mzaramo. Nimeubeba miezi mitatu sina pa kuutua."

Mzee Kondo hakucheka tena. Akavuta kigoda chake karibu, akaanza kumuuliza kwa upole, na baba akawa anajibu, swali kwa swali, mgongo wake ameugeuzia upande wangu. Sikuyapata yote. Nilisikia "matone." Nilisikia "nasimama mpaka miguu inatetemeka." Nilisikia "damu." Nikakaa. Nilikumbuka zile safari zake za vichakani na ile sauti niliyomtolea ndani ya basi.

Yule mzee alipomaliza alinigeukia. "Mwalimu," akaniambia, "nimekuona mara tatu unaingia na mzee. Leo utakaa hapa kwenye benchi. Ndani ataingia yeye na mimi."

Nikasema lakini mimi ni mwanawe.

"Ndiyo maana," akasema, akamshika baba mkono.

Nilikaa pale, mwanangu. Mlango ule ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya samawati mpaka nusu, na mimi nilikuwa sijawahi kuutazama kwa nje. Baada ya muda nilimsikia baba analia. Mara moja tu, kwa kifupi. Baba yangu alivunjika mguu mbele yangu nilipokuwa mdogo na hakulia, kwa hiyo nilijua kinachofanyika mle ndani si kidogo. Nilianza kupanga mazishi. Unaweza kunicheka, lakini ndivyo hofu inavyofanya kazi kichwani mwangu, inanipa shughuli. Nilipanga nani ampigie kaka, jeneza litafikaje Puge, kina mama gani wapike. Mzee Kondo akatoka mbio kidogo kwenda kuchukua mfuko mwingine wa mkojo, kwa sababu wa kwanza ulikuwa umejaa. Hakunitazama.

Baadaye sana daktari aliniita peke yangu. Akaeleza kwamba ni tezi dume, imevimba ikaziba njia, mkojo umekosa pa kutokea ukarudi nyuma, na figo zimeumia. Mpira wa kutolea mkojo umewekwa, mzee amepata nafuu, atahitaji upasuaji. Halafu akalifungua faili la baba mbele yangu na kulirudisha mpaka ukurasa wa kwanza.

"Siku ile ya kwanza nilimuuliza habari ya haja ndogo," akasema. "Labda sikusikia vizuri."

Akanigeuzia karatasi. Aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa madaktari wengi. Hana shida ya mkojo, kwa maelezo ya binti yake.

Nikamwambia hakusikia vibaya. Hakunilaumu. Alilifunga faili taratibu, akanisogezea kiti, na ningependa sana kama angenifokea.

Baba alipasuliwa baada ya siku tisa, na siku hizo zote nilikuwa naamka na kinywa kichungu. Alipona kidonda. Figo hazikurudi zilivyokuwa. Aliishi mwaka mmoja na miezi minne, nusu kwangu na nusu Puge, akichoka upesi, akipimwa kila mwezi. Kila kliniki nilimsindikiza mimi na kila mara nilibaki kwenye benchi na mkoba wake, na mtani wake akaingia naye. Nilikuwa nawasikia wakitukanana mle ndani. Mlango ukifunguliwa, baba alikuwa ananitafuta kwa macho kwanza kabla hajatazama anakokanyaga. Hatukuwahi kulizungumza lile jambo, yeye na mimi. Hakunionyesha kinyongo hata siku moja, na sijui kama alijua nililolifanya au alidhani mabinti wote ndivyo walivyo.

Alipofariki, Mzee Kondo alikuja Puge. Kwa haki ya utani akalivaa koti la baba, akatembea uani kama alivyotembea baba, akaiiga ile kwikwi. Waombolezaji walicheka mpaka wakalia. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Zile wiki nne nilizozipoteza zingeziokoa figo zake au zisingeziokoa? Daktari hakusema na mimi sikumuuliza. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza, nilikuwa nakutana naye sokoni, tunasalimiana, naulizia watoto wake. Naliogopa jibu lake mpaka leo.

Sasa nikwambie kwa nini nimeyasema haya yote. Jumapili ulikuja ukaniambia umeomba ruhusa kazini ili Alhamisi unipeleke hospitali. Nilifurahi, nakushukuru. Ukatoa simu ukaanza kuandika ya kumwambia daktari. Mama anaumwa bega la kushoto. Limeanza lini? Anatumia dawa gani? Uliandika haraka, kwa mpango mzuri, ukanisomea, nikasema sawa.

Si bega, mwanangu, ni kivimbe. Nilisema bega kwa sababu wewe ni mwanangu wa kiume, na mahali kilipo hicho kitu si mahali mama anapokutajia wewe. Kilianza kidogo. Nimekaa nacho miezi miwili. Mimi niliyekaa kwenye benchi lile, mimi niliyeonyeshwa ile karatasi, nimekaa nacho miezi miwili nikikipa jina la bega.

Alhamisi utanipeleka, lakini chumbani nitaingia na shangazi yako. Nimeshamwomba. Ni wifi yangu, amenitukana tangu siku niliyoolewa, hata dada yako hajazaliwa, na kwake sina cha kuficha. Jana nilimwonyesha. Alianza na mzaha kama kawaida yake, kisha akauacha, akakishika kichwa changu. Wewe utakaa nje. Najua utaumia, umezoea kunisimamia. Kaa nje tu, na usiondoke kwenda kununua chochote, maana sijui nitakuwa na sura gani nikitoka.

Na ukija kumpeleka mwingine, baba mkwe wako au yeyote aliyekuzidi umri, muulize kabla hamjatoka nyumbani angependa aingie na nani. Kama ni wewe, ingia, na daktari akimuuliza yeye, wewe nyamaza. Jibu litachelewa. Liache lichelewe. Ukiona ameinamisha kichwa, omba ruhusa utoke, usingoje kuambiwa. Akikwambia ni mgongo, usimbishie, lakini mtafutie mtani wake, au wifi, au shemeji, au mjukuu aliyezoea kumchokoza, akae naye peke yao. Heshima uliyonayo kwake ni nzuri, nimekulea nayo mwenyewe, ila haina kazi mbele ya daktari.

Mungu akubariki, mwanangu. Akulindie mke na watoto, akupe usingizi mzuri mpaka Alhamisi, kwa sababu mimi sitaupata. Akikujalia uzee, akujalie na ujasiri wa kupataja panapouma mapema. Mimi umekuwa ukinijua kwa ukali wangu, basi nijue na kwa hili. Naogopa. Naogopa atakachosema daktari, na zaidi ya hicho niliogopa wewe ubaki hujui, ndiyo maana nimekwambia leo.